Nyau! Paka Atufundishe Sinthesaiza

Muhula uliopita katika mkutano wa chama chetu, kaka mmoja wa kidato cha nne alisimama akanena kwamba Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi na barua za kirafiki, lakini ukifika kwenye mambo ya umeme na mitambo, eti lazima ukimbilie Kiingereza. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga. Neno lile lilinikera hadi nikaamua kuchagua mtambo mmoja mgumu niueleze kwa Kiswahili, nione nitakwama wapi. Nimechagua sinthesaiza. Na kwa kuwa nilihitaji msaidizi, nimemwita paka, mnyama asiyekosekana katika studio nyingi za muziki wa aina hii.

Kwanza tusichanganye mambo. Kinanda cha umeme tunachokiona kanisani siku hizi kwa kawaida kina sauti zilizorekodiwa zamani zikahifadhiwa ndani kwa tarakimu. Ukibonyeza, kinakuchezea ile rekodi. Sinthesaiza ya analogi haina sauti yoyote iliyowekwa akiba tumboni. Huiunda papo hapo kwa umeme unaopanda na kushuka. Na ile ya moduli haijaunganishwa hata kidogo. Ni visanduku vingi, kila kimoja na kazi yake, na mwanamuziki ndiye anayechomeka waya kutoka hiki hadi kile. Asipochomeka, mtambo wote ni bubu kama jiwe.

Sasa mlete paka. Hebu sema "nyau" polepole, uivute, bila kupandisha wala kushusha sauti. Umeona nini? Koo halikubadilika, lilitetemeka vilevile mwanzo hadi mwisho. Kilichobadilika ni mdomo: ulianza umebanwa, ukafunguka, ukafumbwa tena. Basi hiyo ndiyo sinthesaiza nzima, sikutanii. Koo ni moduli iitwayo osileta, ambayo kazi yake ni kutetemesha umeme. Mdomo ni chujio. Chujio la chai huzuia majani na kupitisha maji. Chujio hili huzuia mitetemo ya juu na kupitisha ya chini. Likifungwa, sauti huwa nzito kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Likifunguliwa, sauti hung'aa. Ukilifungua na kulifumba upesi, mtambo unasema kitu kama "uau", jamaa ya nyau.

Imebaki pumzi. Paka hatoi sauti moja kwa nguvu ileile bila kikomo. Huanza, hupanda, kisha hufifia. Kwenye mtambo kuna moduli ya kuongoza kupanda na kufifia huko kila unapobonyeza kitufe. Historia yake inachekesha. Mwaka 1964, fundi Robert Moog na mwanamuziki Herbert Deutsch walikuwa wakiunda mtambo wao wa kwanza huko Trumansburg, jimbo la New York, Marekani. Deutsch alipolalamika kwamba noti hazina mwanzo wala mwisho, Moog alimtuma dukani akanunue kitufe cha kengele ya mlango. Ukikibonyeza, sauti inaamka, ukikiachilia, inazimika. Kitufe cha kengele! Nami nilidhani uvumbuzi ni mambo ya maabara yenye vioo tu.

Lakini uvumbuzi mkubwa wa Moog ulikuwa mwingine, na hapa naomba msomaji usisinzie. Kabla yake, ukitaka kubadilisha sauti ya osileta mara nyingi ilibidi uzungushe kifungo kwa mkono, kama mtu anayetafuta stesheni redioni. Moog aliufanya umeme wenyewe uzungushe. Ongeza volti 1, sauti inapanda oktava moja kamili, yaani mitetemo inaongezeka maradufu: 220 kwa sekunde inakuwa 440, ukiongeza volti nyingine inakuwa 880. Oktava ina hatua 12, kwa hiyo kila kitufe cha kibodi huongeza sehemu moja ya 12 ya volti. Na kwa kuwa sauti ni umeme na amri pia ni umeme, moduli yoyote yaweza kuiamrisha nyingine. Chukua osileta iendayo polepole sana, mara 5 kwa sekunde, ichomeke kwenye osileta ya pili, na sauti ya pili itatetemeka kama ya mwimbaji wa taarabu. Iharakishe hadi mara 25 hivi kwa sekunde, uichomeke kwenye moduli ya nguvu ya sauti, na utasikia mkoromo. Hiyo ni karibu kasi ileile ya paka anapokoroma kwa raha mapajani.

Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa Marekani, Don Buchla wa California alifikia wazo hilohilo kwa njia yake. Yeye hakutaka kibodi ya piano. Aliweka vibao vya kugusa kwa kidole, akiona kwamba ala mpya haistahili kufungwa minyororo ya ala ya zamani. Mimi namuunga mkono, ingawa ni Moog aliyejulikana zaidi, na sababu ni santuri moja ya mwaka 1968, "Switched-On Bach". Wendy Carlos alipiga muziki wa Bach kwa Moog, ambayo ilitoa noti moja tu kwa wakati. Ilibidi arekodi kila sauti peke yake na kuzipanga moja juu ya nyingine. Tena, mtambo ulikuwa ukipoteza ulinganifu kila mara, akawa anarekodi kipande kidogo, anasimama, analinganisha upya, anaendelea. Subira ya kuvua pweza kwa mkono!

Kwa nini ulipoteza ulinganifu? Kwa sababu ya joto. Ndani ya osileta mna transista, na transista huhisi joto. Digrii 1 ikiongezeka, bila kinga yoyote, kila hatua hukosea kwa takriban asilimia 0.33. Utasema ni kidogo. Haya, panda oktava 5 kutoka noti uliyolinganishia: hizo ni hatua 60, na kosa limefika sehemu moja ya tano ya hatua nzima. Chumba kikipata digrii 3 zaidi, hata asiyejua muziki atakunja uso. Ndiyo maana mafundi huzibandika transista mbili pacha pamoja ili zipate joto moja na baadhi ya makosa yazo yafutane, na wapigaji huwasha mtambo mapema ili upate moto kwanza. Mwaka 1978 ikatoka Prophet-5, yenye kompyuta ndogo ya kulinganisha osileta zake 10.

Na ni nani mwingine apendaye joto? Mwili wa paka una digrii 38 hadi 39, na hustarehe mahali penye digrii 30 na zaidi. Wa kwetu nyumbani alikuwa akilala juu ya televisheni ya zamani, ile yenye mgongo, mkia ukining'inia mbele ya msomaji habari. Basi sinthesaiza iliyowashwa ni kitanda chake. Anajilaza juu ya matundu ya kupitishia hewa, joto linabaki ndani, osileta zinahama, na mwanamuziki anashangaa mbona wimbo wa asubuhi haulingani na wa jioni. Manyoya nayo huingia penye nafasi. Mitambo kama ARP 2600 ya mwaka 1971 (ndiyo iliyosaidia kuunda sauti ya roboti R2-D2 katika filamu ya Star Wars, 1977) ina vifungo vya kuteleza, kila kimoja na ufa wake. Uchafu ukijaa humo, ukisogeza kifungo kinalia krr, krr.

Halafu kuna waya. Tangu katikati ya miaka ya 1990, Dieter Doepfer wa Ujerumani alipotoa moduli zake za A-100, watu wengi hujenga mitambo yao kwa kipimo chake: moduli zenye kimo cha milimita 128.5, na waya zenye ncha kama za spika za masikioni. Waya 40 zinazoning'inia, kwa paka ni mikia 40. Zile za kati ya moduli hubeba volti chache tu, hazimdhuru. Hatari ni waya wa ukutani, ambao hapa kwetu ni volti 240, na vipande vya mpira akivimeza.

Pengine anayesumbuka zaidi ni paka mwenyewe. Sikio la binadamu hukomea mitetemo 20,000 kwa sekunde. La paka hupita 60,000. Osileta ikisahauliwa huko juu, kwenye 25,000, wewe unaona pametulia, naye amegeuza masikio anatafuta mlango, ikiwa spika inaweza kuitoa sauti hiyo.

Kaka wa kidato cha nne, nimejitahidi. Nimekwama mahali pamoja: osileta. Nimejaribu "kitetemeshi", lakini kinafanana mno na jina la dawa ya homa. Mkutano ujao nitaliweka ubaoni, na mwenye neno bora aje nalo.