Afya Yako: Kupakia Pipa Peke Yako

Dizeli ya mashine ya kusaga ikiisha, kina mama hurudia kinu. Kwa sababu hiyo dereva anayekosa vijana wa kumsaidia hutaka kulipandisha pipa kwenye pikapu kwa nguvu zake mwenyewe. Asithubutu. Pipa la lita 200 lililojaa dizeli lina uzito wa kilo 190 hivi.

Njia salama kuliko zote ni kuigawa dizeli katika madumu ya lita 20. Kila dumu halizidi kilo 18. Wengi huona huko ni kupoteza muda, lakini miezi ya kulala chali kwa ajili ya mgongo ni mirefu zaidi.

Ikiwa pipa lazima liende zima, tumia mbao na kamba. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, ingiza gia, vuta breki ya mkono, kisha weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mwombe mwenye duka akupe pipa lililokwisha kulazwa, maana kulilaza ndiko kunakoponda vidole.

Tuseme sakafu ya pikapu iko juu sentimita 75. Egemeza mbao mbili nene zenye urefu wa mita 3, uzifunge kwa juu zisiteleze. Kwa mwinuko huo unabakiwa na robo tu ya uzito. Sasa funga ncha mbili za kamba ndefu na imara kwenye gari, moja kila ubavu. Pitisha kamba chini ya pipa, izunguke na kurudi juu yake. Panda garini uvute sehemu ya katikati ya kamba. Pipa litabingirika likija kwako, nawe utavuta nusu ya ile robo, yaani kilo 24 na zaidi kidogo kwa sababu ya msuguano. Ukichoka, zungushia kamba kwenye chuma kilicho nyuma ya kabini. Fanya mazoezi kwanza kwa pipa tupu.

Usilisukume pipa kutoka chini hata siku moja, na watoto wasikaribie. Kamba ikikatika, pipa litashuka kwa kishindo na kumponda aliye chini. Likishafika juu liache limelala, kifuniko kikitazama juu, ulikaze kwa vigingi na kamba. Kulisimamisha ni kuinua karibu nusu ya uzito wake, na hapo ndipo migongo mingi huumia.

Maumivu yakitoka kiunoni na kushuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, nenda zahanati. Ukishindwa kukojoa au kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo uvimbe wa kinenani ukiwa mgumu, ukauma na kukutapisha: hiyo ni ngiri iliyobanwa, haingoji kesho.

Maswali ya kujadili darasani: Mbao zikiwa za mita 1 na nusu, utavuta kilo ngapi? Kijijini kwenu nani ana mbao na kamba za kuazima?