Ulisema Nini Alipoanguka?



Vijana wenzangu, somo la leo linahusu ulimi wa shabiki. Andaa Biblia yako: 1 Samweli 16:1-13 na Yohane 9. Ila kabla ya kufungua, nianze na siku moja ambayo siisahau.

Jumapili ya Kololo

Ilikuwa tarehe 26 Machi 2017, Dominika ya nne ya Kwaresima. Kampala, kwenye uwanja wa Kololo, kulikuwa na Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika. Sisi wa Nkwenda tuko karibu na Kampala kuliko Dar es Salaam, na wengi tuna ndugu ng'ambo ya mto Kagera. Siku ile tulikuwa Waganda kabisa! Baada ya Misa na chakula, vijana kama kumi tulibanana dukani tukiangalia simu moja, mtandao ukikatika kila mara.

Zikaja mbio za wavulana chini ya miaka 20. Uganda walikuwa na Jacob Kiplimo, mtoto wa miaka 16. Mmoja wetu akasema, "Huyu wamemleta wa nini? Wakenya watamwacha kama amesimama." Kiplimo akashinda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mganda kuchukua dhahabu ya mtu binafsi katika mashindano hayo. Na yule yule aliyembeza akaruka juu: "Mimi nilijua tu!"

Halafu wakaingia wanaume. Joshua Cheptegei, naye Mganda, alikuwa na miaka 20 tu. Akaongoza, akawaacha wenzake mbali, watu wakaanza kusherehekea. Mzunguko wa mwisho miguu ikagoma. Akawa anayumba kama mlevi. Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita, kisha mwingine, kisha mwingine. Cheptegei alimaliza wa 30.

Pale dukani maneno yakaanza. "Kajimaliza." "Sifa zimemponza." "Huyu kwisha habari yake." Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jina nililompa mtu

Miezi michache baadaye tulikuwa na michezo ya vijana. Kijana mmoja wa kigango chetu, naye wa miaka 16, aliongoza mbio za mita 1500 hadi mzunguko wa mwisho, pumzi ikakata. Akafika wa mwisho, anatembea. Mimi nikapiga kelele: "Kololo huyoo!" Watu wakacheka sana.

Jina likashika. Sokoni Kololo, kwenye mazoezi ya kwaya Kololo. Kijana akaacha kukimbia. Baadaye akaacha na kwaya. Tulijadili sana kwa nini haonekani siku hizi, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwao kumuuliza.

Masomo ya Jumapili ile ile

Sasa fungua Biblia. Haya ndiyo masomo tuliyosomewa asubuhi ya siku ile ya Kololo, kabla hatujaenda dukani.

Katika somo la kwanza, Samweli anakwenda kwa Yese kumtafuta mfalme. Anamwona Eliabu, mrefu, mwenye umbo zuri, anadhani ndiye. Mungu anamkatalia: watu wanaangalia sura, Yeye anaangalia moyo. Daudi, mdogo wa wote, hata baba yake hakumkumbuka mpaka alipoulizwa. Alikuwa machungani.

Katika Injili, Yesu na wanafunzi wanakutana na mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wanauliza: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Jamani, hebu tuwaze kidogo. Yule mtu yuko pale pale. Haoni, lakini anasikia! Wamemgeuza mada ya mazungumzo. Wakitoka hao wanakuja majirani kubishana juu yake, kisha Mafarisayo wanamhoji, mwisho wanamfukuza.

Yesu anafanya tofauti. Kwanza hakubali kumtafutia kosa. Pili, anamgusa kwa mikono yake. Tatu, soma aya ya 35: aliposikia wamemtoa nje, alimtafuta hadi akampata. Wote walikuwa na maoni juu ya yule mtu, lakini aliyemfuata alipofukuzwa ni mmoja tu.

Mwaka 2020

Yule tuliyesema kwisha habari yake hakuisha. Mwaka 2019 Cheptegei alishinda mbio zile zile za nyika kule Aarhus, Denmark, na wa pili nyuma yake alikuwa Kiplimo. Tarehe 14 Agosti 2020, Monaco, akavunja rekodi ya dunia ya mita 5000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36. Niliposikia habari hiyo sikufurahi kama wengine. Nilimkumbuka "Kololo" wetu.

Nikaenda kwao. Nilimkuta akianika kahawa kwenye turubai. Nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Kaka, siku ile nilikuwa sijala tangu jana yake."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimemhukumu mbele ya watu wote, na sikuwahi kumuuliza hata kama amekula.

Sitawadanganya: hakurudi kwenye mbio. Ametusamehe, na kwaya amerudi. Lakini miaka ile mitatu siwezi kumrudishia.

Tufanye nini?

Kushabikia si dhambi. Kubishana nani atashinda ni raha yetu. Ila tujiwekee mambo matatu:

1. Aliye chini ya miaka 20 bado anakua. Mbio za siku moja zisigeuzwe kuwa jina lake.
2. Kabla ya kuandika kwenye grupu la WhatsApp, jiulize: je, ningeyasema haya akiwa amekaa hapa mbele yangu?
3. Akianguka mtu unayemfahamu, nenda kwake kabla hujaenda kumjadili. Mpelekee hata maji.

Maswali ya kujiuliza

Je, kuna mtu anayebeba jina la utani nililompa mimi? Ni nani ameacha kuja jumuiya, na sisi tumebaki kumjadili tu? Wiki hii nitakwenda kwa nani?

Tusali

Ee Yesu, uliyemtafuta aliyefukuzwa, utusamehe maneno tuliyowarushia wenzetu walipoanguka. Linda ndimi zetu, na utupe miguu ya kuwafuata waliobaki nyuma. Amina.