MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI
Somo kwa vikundi: kuongoza ofisi ya msaada wa sheria kwa hesabu

Hakuna mkulima wa majani chai katika vikundi vyetu asiyejua faida ya kuandika. Unapeleka majani kituoni, yanapimwa, unapewa risiti ya kilo na unaitunza. Mwezi ukiisha unalinganisha risiti zako na malipo. Kilo zikipungua, unajua ni siku gani na unauliza.

Lakini mkulima huyo huyo ana kesi ya shamba kule Nyamira, Keroka au Ogembo. Mwulize imeahirishwa mara ngapi. "Aah, mara nyingi tu." Kwa sababu gani? "Wakili ndiye anajua." Na wakili naye, mafaili yakiwa yamejaa kabati mpaka juu, pengine hajui. Basi leo tujifunze jinsi ofisi ya wakili, au meza ndogo ya msaada wa sheria kama yetu, inavyoweza kuongozwa kwa hesabu badala ya kukisia.

Kosa lilikuwa letu

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mama mmoja mjane alikuja kwetu baada ya mumewe kufariki. Shamba lilikuwa bado kwa jina la marehemu. Tulimsaidia kupata barua ya chifu, tukamwelekeza mahakamani, na akapewa hati ya kusimamia mirathi. Tulifurahi, tukafikiri kazi imekwisha.

Kumbe haijaisha. Sheria ya Urithi inataka mtu aliyepewa hati ile arudi mahakamani ili ithibitishwe, ndipo shamba ligawanywe. Kwa kawaida hurudi baada ya miezi sita. Akipitisha mwaka mmoja bila kuomba uthibitisho na bila sababu ya maana, hati inaweza kufutwa. Tarehe hiyo tuliiandika kwenye kalenda ya ukutani. Mwezi wa Januari kalenda mpya ikaletwa, ile ya zamani ikatolewa, na tarehe ya mama ikaenda nayo.

Shemeji yake hakusahau. Mwaka ulipopita alienda mahakamani kuomba hati ifutwe. Mama hakupoteza shamba, lakini alirudi kortini kwa muda mrefu, na ng'ombe wake wa maziwa aliuzwa kulipia gharama. Tangu siku hiyo tuna daftari.

Mambo saba ya kuandika

Chukua daftari kubwa la kurasa ngumu. Kila kesi ipewe mstari wake, na andika:

1. Namba ya kesi, mwaka, na mahakama.
2. Aina ya kesi: mpaka wa shamba, urithi, matunzo ya watoto, deni, au nyingine.
3. Siku ilipofunguliwa kwetu.
4. Siku ya mwisho kisheria.
5. Tarehe inayofuata, na ni ya kutajwa au kusikizwa.
6. Ikiahirishwa, sababu yake.
7. Pesa zilizotumika, na siku kesi ilipofungwa.

Safu ya nne isiachwe wazi hata kidogo. Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ina siku 30. Kesi ya madai ikikaa mwaka mzima bila hatua yoyote, inaweza kutupwa. Kudai shamba lako mahakamani kuna kikomo cha miaka 12, na kudai deni la mapatano ni miaka 6. Mahakama haingoji mtu kwa sababu alikuwa anavuna mahindi.

Mwenye simu au kompyuta anaweza kupanga safu hizi kwenye jedwali, limkumbushe tarehe. Tangu Machi 2024 mfumo wa kufungua kesi kwa njia ya intaneti ulizinduliwa kwa nchi nzima, kwa hiyo namba na tarehe nyingi ziko huko. Lakini mashine haiandiki usichoiambia. Anza na daftari.

Kuzisoma hesabu

Kuandika peke yake hakutoshi. Kila miezi mitatu kaeni chini mjumlishe. Tuchukue mfano wa ofisi ndogo.

Kwanza, salio. Ofisi ilianza na kesi 34. Zimeingia mpya 14, zimefungwa 8. Zimebaki 40. Ni kama pesa za chama, isipokuwa hapa salio likikua si heri. Ikiendelea hivyo, ofisi inapokea kuliko inavyomaliza, na hivi karibuni watu watarudishwa mlangoni. Hapo mwenye ofisi aamue: aongeze mtu, au apokee kesi chache.

Pili, sababu za kuahirishwa. Katika miezi hiyo kesi ziliahirishwa mara 30. Mara 12 shahidi hakufika. Mara 9 hati fulani ilikosekana. Mara 5 mwenye kesi hakuwa na nauli. Mara 4 hakimu hakuwepo. Sisi hupenda kulaumu mahakama, lakini hapa mara 26 kati ya 30 ilikuwa upande wetu! Dawa yake si ngumu: shahidi apigiwe simu wiki moja kabla, tena siku moja kabla; na faili ikaguliwe mapema.

Tatu, muda. Kesi tano za aina moja zilichukua miezi 3, 4, 4, 5 na 34. Jumla ni 50, ukigawanya kwa tano unapata 10. Je, tumwambie mteja, "Ngoja miezi kumi"? Hapana, maana hakuna hata moja iliyochukua miezi kumi. Nyingi huisha kwa miezi mitano au chini, na moja ilikwama. Ile iliyokwama ndiyo ya kuifungua na kuuliza kulikoni.

Hata mahakama zinahesabu

Msidhani haya ni mambo ya vikundi vidogo tu. Makarani wa mahakama zetu hujaza fomu ya kila siku wakionyesha kila kesi ilifikia wapi na kwa nini iliahirishwa. Kutokana na fomu hizo ulifanyika utafiti katika vituo 124 vya mahakama nchini. Vingine vilipelekewa karatasi ya ukurasa mmoja yenye sababu kubwa za kuahirisha kesi. Vingine vilipata karatasi hiyo, na nakala ikaenda pia kwa Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambako mawakili, polisi na wawakilishi wa raia hukaa pamoja. Hapo ambapo wengine nao waliona hesabu, kuahirisha kulipungua kwa karibu moja kwa tano.

Ripoti iliyofungwa sandukuni haisaidii. Ripoti inayosomwa mbele ya wanaoweza kuuliza ndiyo inayobadilisha mambo. Wazee wa etureti zamani waliamua mbele ya watu, na watu wakakumbuka.

Kwa hiyo kikundi kikimlipa wakili, kimwombe ripoti ya ukurasa mmoja kila miezi mitatu: kesi iko wapi, tarehe gani inafuata, iliahirishwa kwa nini, pesa ngapi zimetumika. Kuuliza hivyo si kumkosea wakili heshima.

Tunza siri

Daftari hili lina mambo mazito ya nyumba za watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatutaka tuyalinde. Lifungiwe kabatini. Katika mkutano soma hesabu, usisome majina. Na mkiwa kijiji kidogo, hata kusema "mjane mwenye kesi ya urithi" kunaweza kumtaja mtu. Tukumbuke pia kwamba msaidizi wa sheria anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, lakini yeye si wakili.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu ni wangapi wana kesi, na wangapi wanajua tarehe inayofuata bila kuuliza?
2. Kesi zetu zikiahirishwa, sababu ya kwanza ni nini? Tunaweza kufanya nini sisi wenyewe?
3. Nani atashika daftari, na nani atalikagua?

Kabla ya mkutano ujao, kila mwenye kesi alete namba ya kesi na tarehe yake, imeandikwa kwenye karatasi. Tusiiandike kwenye kalenda ya ukutani. Tumeshalipia somo hilo kwa ng'ombe wa mtu.