Kope Mpya Baada ya Uvimbe Kuondolewa

Saratani ikiondolewa kwenye kope, mgonjwa huuliza sura yake itakuwaje. Daktari anajiuliza kwanza kama jicho litafumba. Kila tunapopepesa, kope hulowanisha konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Jicho lisilofumba hukauka, hufanya vidonda na linaweza kupofuka, hata kama saratani imekwisha kabisa. Kuunda upya kope si urembo, ni tiba.

Kwanza lazima ithibitishwe kwamba kingo za jeraha hazina saratani. Penye vifaa, hilo huangaliwa kwa darubini siku hiyohiyo. Kwingine nyama hupelekwa maabara, na jeraha hufunikwa kwa bandeji kwa siku chache. Vumilia kusubiri huko, kwani kope iliyojengwa juu ya mabaki ya saratani italazimika kubomolewa.

Kope ina matabaka mawili: nje ngozi na msuli, ndani bamba gumu lenye utando laini. Yote mawili hurudishwa, na angalau moja lazima lije na mishipa yake ya damu, la sivyo yote hufa. Pengo lisilozidi robo ya kope kwa kawaida huvutwa na kushonwa moja kwa moja. Wazee, ambao ngozi yao imelegea, huweza kushonwa hivyo hata likifika theluthi.

Pengo kubwa la kope ya chini mara nyingi huzibwa kwa njia aliyoieleza daktari Mmarekani Wendell Hughes mwaka 1937. Kipande cha tabaka la ndani la kope ya juu huteremshwa bila kukatwa shina lake, kikashonwa kwenye pengo, kisha juu yake hupandikizwa ngozi, labda ya nyuma ya sikio. Kwa wiki kadhaa kope hizo mbili hubaki zimeungana na jicho halioni. Hapo ndipo ndugu huingiwa na hofu kwamba upasuaji umeharibika. Haujaharibika: daraja lile linalisha kope mpya damu, na upasuaji wa pili, mdogo, utalikata. Usikose tarehe hiyo.

Kama jicho lako la pili halioni, mwambie daktari mapema achague njia nyingine. Vilevile kwa mtoto mdogo, maana jicho likifungwa muda mrefu katika umri huo huweza kudhoofika moja kwa moja.

Nyumbani, paka mafuta uliyopewa, usisugue, na acha sigara, kwani hupunguza damu inayofika kwenye kipande kilichopandikizwa. Nywele za kope kwa kawaida hazioti tena sehemu iliyoundwa. Maumivu yakizidi, usaha ukitoka au uoni ukififia, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Watu wenye ualbino wawe macho zaidi dhidi ya saratani hii, kwa kuwa jua huwaunguza ngozi ya uso tangu utotoni: kofia pana na miwani ya jua kila siku. Na kwa yeyote, kidonda cha kope kisichopona, nywele zinazonyonyoka sehemu moja, au chokea kinachorudi palepale, kichunguzwe. Kikipasuliwa, omba kipande kipelekwe maabara.