SOMO LA WIKI: Itambue mbegu ya ukoka kabla ya kulipa

Hoteli, wenye nyumba na viwanja vya michezo hununua ukoka kwa njia mbili: vipandikizi au mbegu. Vipandikizi mnunuzi huviona. Mbegu huja mfukoni, nayo ni ndogo mno. Kilo moja ya mbegu iliyokobolewa ina punje zaidi ya milioni 3. Hapo ndipo fedha hupotea.

Anza na jina. Kitaalamu ukoka ni Cynodon dactylon, na mifuko ya Marekani huuita "Bermuda". Sehemu kubwa ya mbegu hiyo hulimwa Arizona na California. Lakini Tifway 419, ukoka mseto uliotolewa Georgia mwaka 1960, ni tasa; hupandwa kwa vipandikizi tu. Anayekuuzia "mbegu ya Tifway" anakuuzia kitu kingine.

Pili, mwaga chembe kwenye karatasi nyeupe, uzitazame kwa lenzi inayokuza mara 10:

- Mbegu yenye ganda: urefu milimita 2 hivi, bapa ubavuni, umbo la mtumbwi, rangi ya majani makavu.
- Iliyokobolewa: ndogo zaidi, laini, rangi ya chungwa hadi kahawia. Huota upesi kuliko yenye ganda.
- Punje nyeusi au kahawia iliyoiva yenye mikunjo midogo: hiyo ni Eleusine indica, gugu la jamii ya ulezi linaloharibu viwanja.
- Punje zote za buluu au kijani: zimepakwa dawa au udongo. Mpako huweza kufikia nusu ya uzito.

Tatu, piga hesabu. Zidisha asilimia ya usafi kwa asilimia ya uotaji. Tuchukue bei za mfano. Mbegu tupu ni sh. 20,000 kwa kilo, usafi 98, uotaji 85: mbegu hai ni asilimia 83.3, hivyo kilo ya mbegu hai inakugharimu kama sh. 24,000. Iliyopakwa ni sh. 14,000, usafi 50, uotaji 85: mbegu hai ni asilimia 42.5, na kilo yake inafika karibu sh. 33,000. Iliyoonekana rahisi ndiyo ghali.

Macho yana mpaka wake. Huweza kutenga ukoka na gugu, lakini hayawezi kutenga aina moja ya ukoka na nyingine. Kwa hilo dai cheti cha maabara. Kwa mzigo wa nje, cheti cha ISTA cha rangi ya chungwa ndicho kinachotambulika kimataifa. Kwa mashaka ya hapa nyumbani, Kenya kuna KEPHIS na Tanzania kuna TOSCI.

Mwisho, kabla ya kununua gunia, omba sampuli. Weka punje 100 juu ya karatasi yenye unyevu, mahali penye joto na mwanga, uzihesabu zilizoota siku ya 7 na tena siku ya 21. Muuzaji asiyekubali kusubiri majuma matatu amekwisha kukujibu.