Kuosha Uso Wenye Chunusi Bila Kuuchubua



Somo letu la mara hii ni la akina mama, akina baba na vijana pamoja. Linahusu chunusi za usoni. Wengi husema ni jambo dogo, ati zitaisha zenyewe. Lakini ukikaa na kijana mwenye chunusi nyingi utajua si dogo. Kuna wasichana wanaofunika uso kwa leso wakienda sokoni, na wavulana wanaokataa kusimama mbele ya darasa. Tena pesa za nyumbani hupotelea kwa wachuuzi wa krimu zisizojulikana, na baadhi ya krimu hizo zinaharibu figo.

Lengo la somo: Mwisho wa somo, kila mwanakikundi aweze kueleza chunusi zinatoka wapi, kuchagua kitu cha kuoshea uso kinachoondoa ngozi iliyokufa pole pole, na kutambua vitu vya kukataa.

1. CHUNUSI ZINATOKA WAPI?

Kiongozi awaulize wanakikundi kwanza. Wengine watasema ni uchafu. Wengine watasema ati ni dalili ya kutaka kuolewa. Msicheke jibu la mtu. Yaandikeni yote, halafu msome haya.

Ngozi yetu ina vitundu vidogo sana mahali vinyweleo vinapotokea. Ndani ya kila kitundu kuna tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Kijana anapobalehe, homoni za mwili huongeza mafuta hayo. Wakati huo huo ngozi hujibadilisha kila siku: ya juu hufa na kudondoka, mpya huja. Ngozi iliyokufa ikishikana na mafuta, huziba kitundu. Sasa mafuta yanakwama ndani, na bakteria ambao huishi kwenye ngozi ya kila mtu huzaana humo. Mwili ukipigana nao, pale panavimba na kuuma. Hiyo ndiyo chunusi.

Kumbe basi si uchafu, wala si tabia mbaya. Kitundu kimeziba ndani. Ukiwa na mfereji ulioziba, je, utauzibua kwa kuusugua nje? Haiwezekani. Na uso ni vivyo hivyo.

2. HASARA YA KUSUGUA KWA NGUVU

Watu wengi wakiona chunusi huchukua sabuni ya kipande ya kufulia na kitambaa kigumu, wanasugua mpaka uso unawaka. Wanadhani wakisikia uchungu ndiyo dawa inafanya kazi. Tuangalie kinachotokea.

Vikundi vinavyotengeneza sabuni vinajua kostiki soda. Kuna kipimo cha asidi na magadi kinachoanzia 0 hadi 14, na maji safi yako katikati, yaani 7. Ngozi yenye afya iko karibu 5, ina asidi kidogo ya kuilinda. Sabuni ya kipande huwa 9 au 10. Ukiitumia usoni kila siku, ule ulinzi unaondoka. Ngozi inakauka, inakwaruzika, na chunusi zinazidi kuwasha.

Jambo la pili ni madoa. Ngozi yetu nyeusi ikivimba au ikichubuka, mara nyingi huacha doa jeusi ambalo hukaa miezi mingi. Wengine husumbuliwa na madoa kuliko chunusi zenyewe. Hapo ndipo mtego ulipo: mtu anasugua, anapata doa, anatafuta krimu ya kuondoa doa, na anauziwa sumu.

3. VITU TULIVYO NAVYO NYUMBANI

Dodoki na jiwe la kusugulia ni vizuri kwa visigino na viwiko. Usoni penye chunusi, hapana.

Sukari na chumvi: chembe zake zina ncha kali. Kwa miguu ni sawa, kwa chunusi zinachuna na kuacha vidonda.

Ndimu: maji yake ni asidi kali. Ukipaka kisha ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua na kubaki na alama.

Dawa ya meno: inakausha na kuunguza. Ni ya meno, iacheni kwa meno.

Singo na liwa: ndugu zetu wa Pwani huwasinga maharusi kwa singo, na ni desturi nzuri kwa ngozi ya mwili iliyo salama. Lakini manukato yaliyomo yanaweza kuwasha chunusi zilizovimba, kwa hiyo uso wenye chunusi upumzishwe.

Mafuta mazito ya nywele: yakiteremka kwenye paji la uso huziba vitundu. Ukiona chunusi zimejipanga chini ya nywele, angalia mafuta yako kwanza.

4. NI KITU GANI KINAFAA?

Tunatafuta kitu kinachoosha bila kukausha, na kinachofungua vitundu bila kukwaruza. Vitu hivi vipo kwenye maduka mengi ya dawa. Usiangalie picha ya msichana mrembo kwenye chupa. Geuza chupa, soma maandishi madogo.

(a) Salicylic acid, kati ya asilimia 0.5 na 2. Asidi hii huingia kwenye mafuta ndani ya kitundu na kulegeza ngozi iliyokufa. Inafanya ile kazi watu wanayotaka kuifanya kwa kusugua, tena kwa upole. Mtu ambaye aspirini humdhuru asiitumie kabla ya kuuliza daktari.

(b) Benzoyl peroxide, asilimia 2.5 mpaka 5. Hii huua bakteria. Ipo pia ya asilimia 10, lakini msidanganyike kwamba kubwa ndiyo bora. Ile ya 2.5 husaidia karibu sawa na ya 10, na huwasha kidogo. Angalizo: inatoa rangi kwenye nguo, basi tumia taulo nyeupe.

Anza na moja tu. Ukianza na zote mbili siku moja, ngozi itakauka na utakata tamaa. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya taya kwa siku tatu. Isipowasha sana, endelea. Mama mjamzito amuulize nesi kwanza.

Na kama pesa hazipo? Tumia sabuni laini ya kuogea isiyo na manukato makali. Osha kwa vidole. Mara moja au mbili kwa wiki, tumia kitambaa laini cha pamba kilicholoweshwa, upitishe usoni kama unavyompangusa mtoto mchanga. Inatosha.

5. HATUA ZA KUOSHA

1. Nawa mikono kwanza.
2. Lowesha uso kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto.
3. Paka sabuni kwa ncha za vidole, zungusha pole pole kwa nusu dakika hadi dakika moja.
4. Suuza mpaka utelezi uishe.
5. Kausha kwa kugusagusa. Kila mtu na taulo yake.
6. Ngozi ikikauka, paka losheni nyepesi kidogo.

Fanya hivi asubuhi na jioni, na baada ya kutoka jasho shambani au uwanjani. Zaidi ya hapo unajiumiza. Usizitumbue chunusi, ukizibana unausukuma usaha ndani na kovu linabaki. Na vumilia. Matokeo huonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Anayekuahidi uso safi kwa siku tatu anataka pesa zako.

6. VITU VYA KUKATAA KABISA

Kuna sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki hupita kwenye ngozi, huingia kwenye damu na kuharibu figo. Kwa mama mjamzito inaweza kumfikia mtoto tumboni.

Hii si hadithi. Mwaka wa 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu watu wazima 60 waliougua figo, ambao miili yao ilivimba kwa maji. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadaye, mwaka wa 2001, Shirika la Viwango la Kenya lilitangaza marufuku ya vipodozi vyenye zebaki na vile vyenye hydroquinone. Hata hivyo bado huingizwa kwa magendo.

Kataa chupa au sabuni ikiwa:
- imeandikwa mercury, calomel, mercurio au hydroquinone;
- haina orodha ya vitu vilivyomo, au imeandikwa lugha usiyoweza kuisoma;
- krimu imechanganywa na muuzaji mwenyewe na kutiwa kwenye kopo lisilo na jina;
- inaahidi kukufanya mweupe upesi.

Jihadharini pia na krimu kali za steroidi zinazouzwa bila daktari. Mwanzoni uso unapendeza, kisha ngozi inakuwa nyembamba na chunusi hurudi nyingi kuliko mwanzo.

7. WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Mpelekeni kijana kwenye zahanati au hospitali ikiwa chunusi ni mabonge makubwa yenye maumivu, zinaacha makovu, au hazijapungua baada ya miezi mitatu ya kuosha vizuri. Mwanamke mzima akipata chunusi ghafla pamoja na ndevu au hedhi isiyo na mpango, aende akapimwe. Na kijana akijifungia nyumbani kwa aibu, hiyo nayo ni sababu ya kutosha. Msingoje.

8. KAZI YA KIKUNDI

Mkutano ujao, kila mmoja alete sabuni na krimu anayotumia usoni. Zipangeni mezani. Vijana wanaosoma vizuri wawasomee wazee maandishi madogo. Gaweni mafungu matatu: ya kuendelea kutumia, ya visigino tu, na ya kukataa. Mwenye krimu iliyokataliwa asiaibishwe, hakujua. Msizitupe mtoni wala kuzichoma. Mwulizeni afisa wa afya ya umma mahali pa kuzipeleka.

Kisha mjadiliane:
- Kwa mwezi mmoja, jumla ya pesa zetu zilizonunua vitu vya fungu la tatu ni ngapi? Mwekahazina aandike.
- Je, kikundi kinaweza kununua kwa jumla sabuni nzuri ya uso na kuwauzia wanachama kwa bei ya chini?
- Kama tunatengeneza sabuni ya kuuza, tunawaambia wanunuzi ukweli kuhusu inapofaa na isipofaa?
- Tunawaitaje vijana wetu wenye chunusi? Je, utani wetu unawaumiza?

Mkimaliza, chagueni wawili wapeleke somo hili kwenye shule iliyo karibu. Huko ndiko wanakolihitaji zaidi.