SOMO: Kuchomelea Vyuma Vizito Tunapofunga Mashini Kubwa



Hapa Bofa na vijiji vya jirani, vikundi vingi vikiketi kuhesabu akiba huwa na ndoto moja: kununua mashini. Wengine wataka ya kusaga mahindi, wengine ya kukamua mafuta ya nazi. Vijana wetu nao hutafuta vibarua vya kuchomelea kwenye mkonge wa Vipingo, chumvi ya Gongoni na Marereni, ama viwanda vya Mariakani. Wale waliokiona kiwanda cha korosho cha Kilifi miaka ya 1970 na 1980 wajua kwamba mashini kubwa haiwekwi chini kama kinu cha kutwangia. Hufungwa, na kuifunga ni kazi ya chuma na moto.

Katika somo hili tutaangalia mambo matatu: kazi yenyewe, mwili wa fundi, na sheria. Tusome pole pole, kwa sababu pesa za kikundi ni jasho la watu wengi, na macho ya kijana hayanunuliwi.

1. Kazi yenyewe

Mwanzo ni msingi. Zege lamwagiliwa maji kwa siku saba angalau, nalo hufikia nguvu yake kamili baada ya siku 28 hivi. Mkiharakisha kuipandisha mashini juu ya zege bichi, bolti zitalegea. Haraka haraka haina baraka.

Mashini ikishakaa, fundi huipima kwa pimamaji na kuweka vibati vyembamba chini yake mpaka ikae sawa. Kisha hushika vyuma kwa vidoa vidogo tu vya moto, halafu hupima tena. Kwa nini? Chuma kikipata moto hutanuka, na kikipoa hujivuta. Fundi akichomelea upande mmoja wote kwa mkupuo, fremu itapinda na shafti haitanyooka. Afanye kama mtu anayekaza nati za gurudumu la gari: kidogo huku, kidogo ng'ambo, akipima kila mara.

Chuma kinene chataka pia kupashwa moto kwanza. Kikichomelewa kikiwa baridi, mahali pa kiungo hupoa ghafla na kuwa pagumu lakini pepesi kuvunjika.

Tuangalie rodi. Zile zenye alama 7018, zitumikazo kwa vyuma vizito, hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya bahari imejaa unyevu. Rodi yenye unyevu huacha hidrojeni ndani ya chuma. Ufa hutokea baadaye, pengine siku moja au mbili fundi akishalipwa na kwenda zake. Pakiti inunuliwe ikiwa imezibwa vizuri, na zinazobaki wazi zikaushwe kwa tanuri ya rodi. Kuzianika juani hakutoshi.

Kisha kuna waya wa pili, ule wa ardhi. Ufungwe karibu kabisa na pale panapochomelewa. Ukifungwa mbali, umeme waweza kurudi kwa kupitia beringi za mota na kuziunguza vidoa vidogo visivyoonekana. Baada ya muda mashini yaanza kupiga kelele, na kikundi chaanza kulaumiana kumbe kosa ni la waya.

2. Mwili wa fundi

Mwanga wa kuchomelea huunguza macho, na maumivu hayaji papo hapo. Huja usiku, mtu ahisi kama amejazwa mchanga machoni. Miwani ya jua haitoshi kamwe. Yatakiwa ngao ya uso yenye kioo cheusi cha namba 10 au zaidi. Watoto na wapita njia wasisimame kutazama, wekeni turubai.

Moshi nao ni hatari. Mwaka 2017 wataalamu wa Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Mabati yenye zinki yakichomelewa hutoa moshi uletao homa na baridi jioni yake, hata mtu adhani ni malaria. Wengi waamini kwamba maziwa husafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yaenda tumboni na moshi waenda mapafuni. Kinga ni kufanya kazi penye upepo, kukwangua zinki kwanza, na kuvaa barakoa inayofaa.

Msichomelee pipa lililowahi kuwa na petroli, dizeli au mafuta, hata likionekana tupu. Mvuke uliobaki hulipuka. Na sisi wa pwani tuna makuti: cheche huruka mita 10 na zaidi. Mtu mmoja awe na kazi moja tu, kulinda moto kwa maji na mchanga tayari, na abaki pale saa nzima baada ya kazi kwisha.

3. Sheria

Mwaka 2007 Kenya ilipata sheria mbili: ya Usalama na Afya Kazini, na ya Mafao ya Majeraha Kazini. Mwajiri hupaswa kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga na kuwakatia bima. Mfanyakazi akiumia, amjulishe mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri naye apeleke taarifa serikalini, kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai la fidia liletwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Wengi hupoteza haki kwa kungojea ahadi za mdomo.

Tukumbuke kwamba kikundi kikimwajiri mtu kwa malipo, chenyewe kimekuwa mwajiri. Hatuwezi kudai haki kwa tajiri na kuisahau kwetu. Kabla ya kukubaliana bei, ulizeni cheti cha mtihani wa ufundi kutoka NITA, na mwandike mapatano: nani aleta ngao, nani alinda moto, na malipo ya mwisho yatolewe baada ya mashini kuzunguka siku kadhaa.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kati ya bei ndogo na kazi salama, sisi huchagua nini, na kwa nini?
2. Je, kijana wetu anayekwenda kibarua ana ngao yake? Kikundi chaweza kumsaidia kununua?
3. Mafundi wa barabarani kwetu huchomelea mbele ya watoto. Nani atazungumza nao, na lini?

Katibu aandike majibu, na katika mkutano ujao tuulizane ni lipi limetendeka.